Istilahi za Gesi na Umeme katika Sheria za Majengo Mapya: Historia ya Shauri la Berkeley

Tarehe 17 Aprili 2023 majaji watatu wa Mahakama ya Rufani ya Shirikisho, Kanda ya Tisa, nchini Marekani, waliamua kwamba sheria ndogo ya mji wa Berkeley, katika jimbo la California, iliyokataza mabomba ya gesi katika majengo mapya, haikuwa na nguvu. Majaji hao hawakusema kwamba mji ulikosea kuogopa moshi au milipuko, wala hawakujadili kama umeme ni bora kuliko gesi. Shauri lilisimama juu ya maneno mawili yaliyomo katika sheria ya taifa ya mwaka 1975, maneno ambayo mfasiri yeyote miongoni mwetu angeyaandika "matumizi ya nishati" pasipo kuinua kalamu. Kwa kuwa hati za namna hii zinazidi kufika katika meza za wafasiri na watumishi wa serikali, tumeona inafaa kuieleza historia ya sheria hiyo kwa kufuata maneno yake, neno moja baada ya jingine, na kuonyesha mahali ambapo Kiswahili chetu kinaweza kumpotosha msomaji bila kukusudia.

Berkeley ni mji wa watu wapatao 120,000, ng'ambo ya ghuba ya San Francisco, na chini yake umepita ufa wa matetemeko uitwao Hayward. Tarehe 16 Julai 2019 halmashauri ya mji huo, kwa hoja iliyoletwa na diwani Kate Harrison, ilipitisha kwa kauli moja sheria ndogo ya kukataza gesi asilia katika majengo mapya, ianze kutumika tarehe 1 Januari 2020. Hakuna mji mwingine wa Marekani uliokuwa umefanya hivyo kabla yake. Sababu zilizotajwa zilikuwa tatu. Gesi iliyochomwa majumbani ilikuwa chanzo cha zaidi ya robo ya gesijoto zote za mji. Jiko la gesi linapowaka hutoa dioksidi ya nitrojeni, ambayo huudhi mapafu, hasa ya watoto wenye pumu. Tena kuna hatari ya moto: katika tetemeko la Loma Prieta la mwaka 1989 mabomba ya gesi yaliyovunjika yaliwasha nyumba za mtaa wa Marina, San Francisco, na tarehe 9 Septemba 2010 bomba kuu lililipuka katika mji wa San Bruno, likaua watu 8 na kuteketeza nyumba 38.

Hatari hiyo ya tatu ina historia ndefu. Mwezi Machi 1937, katika shule ya New London, jimbo la Texas, gesi iliyovuja chini ya sakafu ililipuka, wakafa watu karibu 300, wengi wao wanafunzi. Hakuna aliyeinusa, kwa maana gesi asilia haina harufu. Tangu msiba huo ndipo ikaamriwa gesi itiwe dawa yenye uvundo ili watu wapate kuitambua. Kwa hiyo hiyo tunayoiita "harufu ya gesi" ni harufu ya kitu kingine kilichotiwa ndani yake. Na mwalimu wa sayansi hana budi kulisema jambo hilo darasani, maana lugha haitamsaidia.

Neno gesi lenyewe halina umri mkubwa. Lilibuniwa na Jan Baptist van Helmont, tabibu na mwanakemia wa nchi ambayo leo ni Ubelgiji, aliyefariki mwaka 1644. Alilitoa katika neno la Kiyunani lenye maana ya vurugu ya mwanzo wa ulimwengu, kwa kuwa alihitaji jina la kitu ambacho si hewa tunayovuta wala si mvuke wa maji. Kiswahili kilikuwa na neno hewa, na tungali tunalitumia tunaposema hewa ukaa. Gesi ilikuja baadaye kupitia Kiingereza, ikachukua sehemu kubwa ya kazi ya hewa bila kuiondoa yote. Ndiyo sababu leo hewa ukaa huhesabiwa kuwa mojawapo ya gesijoto, jambo linalowashangaza wanafunzi, ingawa hatuoni haja ya kuyafukuza maneno yaliyokwisha kuzoeleka.

Shida kubwa zaidi imo katika sifa ya asilia. Gesi ya kwanza kuuzwa mijini haikutoka ardhini. Ilitengenezwa viwandani kwa kuoka makaa ya mawe ndani ya matanuri yaliyofungwa. Kampuni ya Gas Light and Coke ya London ilipewa hati yake mwaka 1812, na katika Marekani mji wa Baltimore ulifuata mwaka 1816. Gesi hiyo ilichanganyika na monoksidi ya kaboni, ambayo ni sumu ya kuua. Huko Fredonia, jimbo la New York, William Hart alichimba kisima mwaka 1821 na kupata gesi itokayo ardhini yenyewe. Ikabidi ipewe jina la kuitenga na ile ya kiwandani, ikaitwa gesi ya asili, yaani isiyotengenezwa na mtu. Sifa hiyo haikuwa ya kuisifu. Ilikuwa ya kuibagua tu, kama tusemavyo maziwa ya ng'ombe ili yasidhaniwe kuwa ya kopo.

Polepole gesi ya kiwandani ilikufa. Uingereza ilikuwa miongoni mwa waliochelewa: ilibadilisha majiko ya nchi nzima kati ya mwaka 1967 na 1977, gesi ya Bahari ya Kaskazini ilipopatikana. Basi sifa ikabaki peke yake bila mwenzake wa kulinganishwa naye, na sifa iliyompoteza mwenzake huanza kusikika kama pongezi. Katika Kiswahili jambo hili limezidi. Sisi husema misitu ya asili, dawa za asili, mbegu za asili, na mara nyingi maneno hayo huashiria wema, usafi na ukale wenye heshima. Anayesikia "gesi asilia" kwa mara ya kwanza yamkini atadhani kwamba haina madhara. Ndiyo sababu wapinzani wa gesi huko ng'ambo hupendelea kuiita gesi ya visukuku, au kuitaja kwa jina la kemikali iliyo nyingi zaidi ndani yake, yaani methani.

Maoni yetu ni kwamba gesi asilia ibaki. Gesi iligunduliwa Songo Songo mwaka 1974 na Mnazi Bay mwaka 1982. Jina hilo limeandikwa katika sheria na mikataba ya Tanzania, na kulibadili sasa kungeleta vurugu. Lakini mfasiri asithubutu kuandika gesi asilia pale ambapo hati imeandika methani. Gesi asilia ni mchanganyiko, nayo methani ni sehemu yake kubwa. Na hati inayoeleza kwamba methani iliyovuja hupasha joto hewa ya dunia zaidi ya mara 80 kuliko uzito ule ule wa hewa ukaa, katika muda wa miaka 20, inazungumzia kemikali yenyewe. Zaidi ya hayo, msomaji wa Dar es Salaam au Mombasa akisikia "gesi" peke yake ataona machoni pake mtungi. Gesi ya mitungi ni propani na butani, wala si ile iliyokatazwa Berkeley, ambayo hupita kwa bomba kutoka barabarani. Kichwa cha habari kisemacho "Mji wakataza gesi" ni kifupi na kinavutia, lakini kinasema jambo ambalo halikutokea.

Sasa tuje kwenye bomba. Sheria ya Berkeley ilikataza kitu ambacho kwa Kiingereza kiliitwa kwa neno ambalo sisi tumelizoea kuwa miundombinu. Kwetu miundombinu ni barabara, reli, bandari, madaraja na mitambo ya maji. Ni kazi za serikali, kubwa, za nje. Mfasiri akiandika kwamba Berkeley ilikataza "miundombinu ya gesi asilia", msomaji ataelewa kwamba mji ulizuia mabomba makuu yasipite mitaani. Sivyo. Sheria yenyewe ilieleza maana ya neno hilo: ni mabomba ya gesi yaliyo ndani ya jengo au ndani ya mipaka ya kiwanja chake, kuanzia pale mita ilipo. Bomba la kampuni lifikalo kwenye mita halikuwamo. Kwa hiyo tafsiri inayofaa ni ndefu na haina madaha: mabomba ya gesi ya jengo, kuanzia kwenye mita.

Kwa nini mji ulichagua bomba, na jiko likaachwa? Hapo ndipo ilipo siri ya sheria hiyo. Baada ya shida ya mafuta ya mwaka 1973, Bunge la Marekani lilitunga Sheria ya Sera na Uhifadhi wa Nishati, ambayo Rais Gerald Ford aliitia saini mwezi Desemba 1975. Baadaye wenye viwanda walilalamika kwamba kila jimbo lilikuwa linaweka kipimo chake cha majokofu na vipasha maji, na mwaka 1987 sheria ikaimarishwa: serikali ya taifa ndiyo itakayoweka vipimo vya vyombo hivyo, na majimbo na miji hairuhusiwi kuweka kanuni zinazohusu ufanisi wa nishati au "matumizi ya nishati" ya vyombo vilivyotajwa. Majiko na vipasha maji vimo katika orodha hiyo. Mji wa Berkeley, kwa kulijua hilo, haukugusa jiko. Uligusa bomba, ukiamini kwamba bomba halimo katika orodha.

Mwezi Novemba 2019 Chama cha Wenye Mikahawa cha California kiliushtaki mji. Hoja yao ya nje ya mahakama ilikuwa kwamba wapishi wengi, hasa wa vyakula vinavyokaangwa juu ya mwali mkali, hawawezi kazi pasipo moto unaoonekana. Hoja yao ya kisheria ilikuwa ile ya mwaka 1975. Jaji Yvonne Gonzalez Rogers aliitupilia mbali mwaka 2021, akisema kwamba sheria ya mji haikuweka kipimo chochote cha chombo. Wakakata rufani, na hukumu tuliyoitaja mwanzoni ikaandikwa na Jaji Patrick Bumatay.

Sheria ya taifa imeeleza "matumizi ya nishati" kuwa ni kiasi cha nishati kinachotumiwa na chombo moja kwa moja, mahali pa matumizi. Jaji Bumatay aliyasoma maneno hayo kwa maana ya kila siku. Mahali pa matumizi ni jikoni kwa mwenye nyumba. Mji ukiondoa bomba, kiasi cha gesi kinachoweza kutumiwa na jiko pale jikoni kinakuwa sifuri. Basi kanuni ya mji inahusu kiasi hicho, nayo imezuiwa. Mji uliomba shauri lisikilizwe upya mbele ya majaji wengi zaidi, na tarehe 2 Januari 2024 ombi hilo likakataliwa. Lakini Jaji Michelle Friedland, akiungwa mkono na wenzake kadhaa, aliandika maoni ya kupinga. Alisema kwamba maneno hayo ni istilahi ya wahandisi. Kiasi cha nishati cha chombo ni tabia ya chombo, hupimwa maabara kabla hakijauzwa, na hakibadiliki kwa sababu ya mahali kilipopelekwa. Na "mahali pa matumizi" katika lugha ya wapimaji maana yake ni kwamba hesabu ifanywe pale chombo kilipo, bila kujumlisha nishati iliyopotea njiani na kwenye mtambo wa kuzalisha.

Kwa Kiswahili tofauti hii inaelezeka vizuri kuliko kwa Kiingereza, kwa kuwa tunalo neno ulaji. Fundi gereji husema ulaji wa mafuta wa gari fulani ni lita moja kwa kilomita kumi. Ulaji huo ni wa gari, unajulikana hata gari likiwa limeegeshwa. Matumizi ya mafuta ni kitu kingine: ni kile ambacho mwenye gari alichoma mwezi huu. Manispaa ikifunga barabara, matumizi yatapungua. Ulaji utabaki ule ule. Jaji Bumatay alisoma matumizi, na Jaji Friedland alisoma ulaji. (Tunajua kwamba maofisini neno ulaji lina maana nyingine isiyo ya heshima, lakini hiyo haijawazuia mafundi.)

Je, anayefasiri sheria ile ya 1975 aandike lipi? Akiandika ulaji wa nishati ameupa mji ushindi. Akiandika matumizi ya nishati amewapa wenye mikahawa. Wako watakaosema kwamba mfasiri achague maana ya kitaalamu, kwa kuwa hati ni ya kitaalamu. Sisi hatukubaliani nao. Mahakama za nchi yenyewe zimegawanyika, na mfasiri hana kiti cha jaji. Katika matini ya sheria yafaa abakishe "matumizi ya nishati", neno pana linalobeba maana zote mbili, na maelezo ya sheria kuhusu neno hilo ayafasiri yote bila kufupisha. Neno ulaji alitumie anapoeleza maoni ya Jaji Friedland, na hapo litamfaa sana.

Mwezi Machi 2024 Berkeley ilikubali kuacha kuitekeleza sheria yake na kuanza hatua za kuifuta. Kufikia wakati huo zaidi ya miji na wilaya 70 za California zilikuwa zimepitisha kanuni za namna hiyo au zinazokaribiana nayo, na kwa upande wa pili majimbo zaidi ya 20 ya Marekani yalikuwa yametunga sheria za kuizuia miji isikataze gesi, Arizona ikiwa ya kwanza mwaka 2020.

Jiji la New York lilipita njia nyingine. Sheria yake namba 154 ya mwaka 2021 haikutaja bomba wala jiko. Ilikataza kuchoma, ndani ya jengo jipya, kitu chochote kinachotoa kilo 25 au zaidi za hewa ukaa kwa kila vipimo milioni moja vya joto vya Kiingereza. Gesi asilia hutoa kilo 53 hivi, na mafuta ya kupasha nyumba huzidi hapo, kwa hiyo vyote viwili vimetoka pasipo kutajwa. Kwa mfasiri sheria hiyo ni raha tupu: kitenzi chake ni kuchoma, na kipimo chake ni kilo. Wapinzani walileta hoja ile ile ya Berkeley, na mwezi Machi 2025 Jaji Ronnie Abrams wa mahakama ya shirikisho ya mjini humo akaikataa, akiifuata maana ya ulaji.

Yako maneno mengine yanayosafiri pamoja na hati hizi. Jengo la "umeme mtupu", yaani lisilotumia nishati nyingine, si wazo jipya. Mwaka 1956 makampuni ya General Electric na Westinghouse yalianzisha kampeni kubwa ya kuwahimiza Wamarekani waishi kwa umeme, na nyumba zilizotumia umeme kwa kila kitu zilipewa nishani ya dhahabu ibandikwe mlangoni. General Electric iliijaza vyombo vyake nyumba ya Ronald Reagan, aliyekuwa akiitangaza. Nyumba hizo zilipashwa joto kwa nyaya zinazoiva, ambazo hutoa kipimo kimoja cha joto kwa kipimo kimoja cha umeme. Bei zilipopanda baada ya 1973 sifa yake ikachuja. Majengo ya leo hutegemea chombo kingine, kinachofanya kazi kama jokofu lililogeuzwa: hukusanya joto la nje na kulisukuma ndani, na kwa kipimo kimoja cha umeme huweza kuleta vipimo vitatu hivi vya joto. Wengine wamekiita bomba la joto. Hilo halifai, kwa kuwa bomba kwetu ni mrija pia, na msomaji atafikiri maji ya moto. Tunapendekeza pampu joto.

Vivyo hivyo kuna neno la Kiingereza la kutia umeme, ambalo lilipotumiwa na serikali ya Roosevelt mwaka 1935 lilikuwa na maana tunayoijua vizuri: kupeleka umeme kwa wakulima wasiokuwa nao. Huko Berkeley umeme ulikuwapo katika kila nyumba tangu zamani. Neno hilo sasa lina maana ya kuondoa gesi na kuufanya umeme ushike kazi zake. Usambazaji umeme ubaki kwa maana ya kwanza. Kwa maana ya pili tuseme kuhamia umeme.

Tumeliacha neno safi hadi sasa kwa kuwa ndilo gumu. Mwezi Mei 2024 Tanzania ilizindua Mkakati wa Taifa wa Matumizi ya Nishati Safi ya Kupikia, unaolenga asilimia 80 ya wananchi ifikapo mwaka 2034, na katika nishati hizo safi imo gesi, ya mitungi na ya bomba. Ni sawa kabisa, maana kinachokimbiwa ni moshi wa kuni na mkaa. Katika Berkeley hati zilizoitwa za majengo safi ziliihesabu gesi ile ile kuwa uchafu wa kuondolewa. Na umeme wenyewe, kwa miaka mingi tangu gesi ya Songo Songo ilipofika Dar es Salaam mwaka 2004, umetoka kwa sehemu kubwa katika mitambo inayochoma gesi asilia. Ni safi jikoni, kwa hesabu ya mahali pa matumizi, na mtamboni hesabu ni nyingine. Mtumishi wa wizara atakayeletewa ripoti ya California iliyofasiriwa "sera za nishati safi majengoni", kisha akakuta ndani yake kwamba gesi imekatazwa, atadhani mfasiri amekosea au waandishi wamepingana na sera ya nchi yake, wala hatakuwa na njia ya kujua kwamba neno moja limebeba vitu viwili. Katika hati kama hizo mfasiri aandike "majengo yasiyochoma gesi wala mafuta ndani yake", na safi aliweke pale tu ambapo mwandishi mwenyewe amelitumia kama sifa, akieleza kwa maneno machache safi kuliko nini.